Majirani Wawili wa Jericho

Ukitoka katikati ya mji wa Nairobi ukashika barabara ya Jogoo, ambayo zamani za Waingereza iliitwa Doonholm Road, utapita Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na Maringo kabla ya kufika Jericho. Mtaa huu ulijengwa na Baraza la Mji mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wenyeji huuita Ofafa Jericho, kwa kumkumbuka Diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953, siku za Hali ya Hatari. Na sehemu iliyo jirani yake ikapewa jina la Lumumba, yule kiongozi wa Kongo aliyeuawa mwaka 1961. Nyumba zake ni ndogo, zimepangwa kwa safu, na mtu apitaye kwa haraka aweza kudhani kwamba hazina la kusimulia. Lakini nakuomba, msomaji, usimame kidogo mbele ya milango miwili iliyo karibu, kwa maana habari ninayotaka kukueleza imo nyuma ya milango hiyo.

Tuseme ni mwaka 1965. Nyuma ya mlango wa kwanza akaa karani wa serikali, mtu wa miaka ishirini na mitano, ambaye kila asubuhi huvaa shati jeupe na tai, akapanda basi kwenda afisini. Nyuma ya mlango wa pili akaa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda. Huyu huenda kazini kwa baisikeli, na nguo zake hunuka mafuta. Watu hawa nimewabuni mimi, lakini wa mfano wao walikuwako wengi sana. Kodi yao ni moja, mwenye nyumba wao ni mmoja, na watoto wao hucheza katika uwanja mmoja. Siku ya mwisho wa mwezi fundi ahesabu fedha zake, nazo, kwa mfano wetu, zimezidi za karani kwa shilingi ishirini. Karani akisikia, aingiwa na uchungu. "Mimi nimesoma zaidi," asema, "mbona huyu amenizidi?" Naye fundi, amwonapo jirani yake akienda kwao kwa likizo ndefu yenye malipo, ahuzunika vile vile.

Je, ni nani kati yao aliyelipwa vizuri zaidi? Usijibu upesi. Swali hili lina umri mkubwa kuliko mtaa wa Jericho, na watu wenye elimu nyingi wameundiwa tume baada ya tume ili walijibu, wakaandika ripoti za kurasa nyingi, na hata leo halijakwisha.

Tuanze na ngazi. Wakati wa ukoloni serikali haikuwa na ngazi moja ya mishahara bali tatu: ya Wazungu juu, ya Wahindi katikati, na ya Waafrika chini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilitumwa tume chini ya Sir Maurice Holmes kuchunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na ripoti yake ikatoka mwaka 1948. Tume hiyo ilikubali kwamba Mwafrika au Mhindi aweza kushika cheo kile kile cha Mzungu. Lakini ikasema alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Fanya hesabu mwenyewe. Ikiwa Mzungu katika kiti hicho hulipwa pauni 500 kwa mwaka, basi Mwafrika akikaa kiti hicho hicho, akitia sahihi karatasi zile zile, atalipwa pauni 300. Pauni 200 zilizobaki zilikuwa bei ya ngozi.

Tena tatu kwa tano haikuwa kipimo kibaya kupita vyote. Marehemu Tom Mboya, kabla ya kujulikana duniani, alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Mji wa Nairobi tangu mwaka 1951. Alieleza baadaye kwamba mkaguzi Mwafrika alipokea sehemu moja tu kwa tano ya mshahara wa mkaguzi Mzungu, ingawa walikuwa wakikagua maduka yale yale na maziwa yale yale. Hakukaa akinung'unika. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa Baraza, akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na hapo ndipo safari yake ya siasa ilipoanzia. Twaona basi kwamba mmoja wa viongozi wakubwa wa uhuru wa Kenya alisukumwa kuingia siasa na tofauti iliyokuwa katika bahasha ya mshahara.

Mwaka 1954 tume nyingine, ya Sir David Lidbury, ilipendekeza ngazi za rangi ziondolewe, pawe na ngazi moja kwa kila kazi. Watu wengi walifurahi. Lakini ilibaki nyongeza moja, iliyolipwa kwa watumishi waliotoka ng'ambo ili wavutwe kuja Afrika. Kwa hiyo karani Mwafrika alipopanda ngazi alimkuta mwenzake Mzungu katika kipandio kile kile, ila mwenzake amebeba mfuko wa ziada. Kisheria ilikuwa haki. Machoni pa karani ilikuwa ni ule ubaguzi wa zamani umebadili kanzu.

Hayo yalikuwa mambo ya makarani na wakaguzi. Chini yao walikuwapo watu wengi zaidi: matarishi, wafagiaji, wachukuzi, walinzi, vibarua wa reli na wa viwanda. Kwa hao swali halikuwa sehemu ngapi kwa tano. Lilikuwa ni kama mshahara watosha kula.

Yafaa ujue fikira iliyotawala siku hizo. Waajiri, wa serikali na wa kampuni pia, walihesabu mshahara wa Mwafrika kana kwamba yeye ni mtu asiye na mke wala mtoto. Walisema mke wake yuko shambani, huko Nyanza, Ukambani au Kiambu, naye analima, anakula, na kuwalisha watoto. Basi mume mjini ahitaji unga wake, blanketi lake na kitanda kimoja tu. Nasema kitanda, si chumba, kwa kuwa katika mitaa ya zamani ya Nairobi wanaume walikodishwa nafasi ya kitanda ndani ya chumba cha watu kadhaa. Ukiitafakari fikira hiyo utaona kwamba mshahara wa mjini ulikuwa ukilipwa na watu wawili: sehemu na mwajiri, na sehemu na jembe la mwanamke ambaye hakuwahi kuiona Nairobi. Hakuna hesabu ya kampuni wala ya serikali iliyomwandika mwanamke huyo, lakini bila yeye hesabu zote zingalivunjika.

Mambo hayo yalileta migomo. Mombasa iligoma mwezi wa Januari 1947, mji mzima ukasimama. Nairobi ikagoma mwezi wa Mei 1950, baada ya Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa. Serikali ikatambua kuwa nguvu ya polisi haitoshi. Ikaunda kamati chini ya F. W. Carpenter kuchunguza mishahara ya Waafrika, nayo ikatoa ripoti mwaka 1954. Kamati ilisema waziwazi kwamba mshahara wa chini usihesabiwe tena kwa mtu mmoja, bali kwa mtu na mkewe na watoto wawili. Ikasema pia jambo ambalo ni la thamani sana kwa swali letu: kwamba katika miji karibu nusu ya wafanyakazi wa kampuni za watu binafsi walilipwa chini ya mahitaji ya lazima ya afya, heshima na nguvu za kufanya kazi, na katika utumishi wa serikali, walio katika hali hiyo walikuwa karibu robo.

Nusu na robo. Huo ndio ulinganisho mmoja wa wazi tulio nao wa siku zile, nao waonyesha kuwa kwa mtu wa chini kabisa serikali ilikuwa mwajiri mwenye afadhali. Sababu zake si huruma. Mwenye kiwanda aliweza kuajiri kibarua asubuhi na kumwacha jioni, na nje ya lango lake palikuwa na kumi wengine wakingoja. Serikali na reli zilihitaji watu watakaokaa: mtu aliyezoea kubadili njia za garimoshi, au kupokea simu, hapatikani langoni kila asubuhi. Tena reli ilikuwa na nyumba zake za wafanyakazi huko Muthurwa na Makongeni, na mtu mwenye nyumba haachi kazi upesi. Lakini usisahau upande wa pili wa hesabu hiyo. Robo ya watumishi wa serikali yenyewe, iliyokuwa ikitoa amri za mishahara kwa wengine, walikuwa hawawezi kuishi kwa mshahara wao. Sioni jambo la kujivunia hapo.

Sasa twaweza kurudi Jericho, maana mtaa huo ni tunda la fikira mpya. Nyumba zake zilijengwa kwa watu wenye jamaa. Chumba cha kulala na mahali pa kupikia, si kitanda cha kukodi. Mke akaweza kutoka shambani akaja mjini, na watoto wakazaliwa Nairobi wasijue pengine popote. Lakini mara mke alipokuja, lile jembe lililokuwa likilipa nusu ya mshahara liliachwa nyuma. Sukuma wiki, maziwa na unga vikawa vya kununuliwa dukani. Ndiyo sababu mtu wa Jericho aliyepata mshahara mkubwa kuliko wa baba yake aliweza kujiona maskini kuliko baba yake, na hakuwa akisema uongo.

Kitu kingine chafaa kukumbukwa juu ya nyumba hizo. Sheria ya kazi ya ukoloni ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake mahali pa kukaa au posho ya nyumba. Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema vivyo hivyo. Basi katika nchi hii nyumba imekuwa sehemu ya mshahara tangu zamani. Mtu akikuambia mshahara wake, mwulize pia analala wapi na kwa kodi ya nani. Kodi za Baraza zilibaki chini kwa miaka mingi, huku kodi za mitaa mingine zikipanda; kwa hiyo aliyeupata mlango wa Jericho alipata nyongeza ya mshahara isiyoandikwa katika karatasi yoyote, awe wa serikali au wa kampuni. Na aliyeukosa, hata kama mshahara wake ulikuwa sawa na wa mwenzake, alikatwa bila kukatwa.

Ni lini basi fundi wa kiwanda alianza kumpita karani? Jibu liko katika vyama. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma, na Tom Mboya akaenda kuwasemea. Mwamuzi akawapa nyongeza ya kama theluthi moja. Habari hiyo ilienea nchi nzima. Viwandani na katika mashamba makubwa vyama vikaanza kukaa meza moja na waajiri. Mwezi wa Oktoba 1962, Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama walitia sahihi mkataba wa namna ya kusikilizana, na mwaka 1964 ikaanzishwa Mahakama ya Viwanda ya kuamua magomvi. Fundi wetu wa Jericho alikuwa na chama cha kumwombea, na mwajiri wake aliweza kulazimishwa kufungua vitabu vya faida. Mwajiri wa karani ni serikali, nayo haina faida ya kugawa. Ina kodi za raia, na raia wenyewe wengi wao ni wakulima maskini kuliko karani.

Jambo hilo lilionekana waziwazi mara baada ya Uhuru. Mwanzoni mwa mwaka 1964 watu wasio na kazi walikuwa wengi mno. Serikali, waajiri na vyama wakapatana: kampuni ziongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na wafanyakazi waliokwisha kuajiriwa wasidai nyongeza kwa mwaka mmoja. Watu zaidi ya laki mbili walijiandikisha wakitaka kazi. Waliopata ni sehemu ndogo. Hebu jiweke mahali pa karani wetu: mshahara wake umesimama mwaka mzima ili mtu mwingine apate kuajiriwa, na mtu huyo mwingine akipata, huenda akawa ndugu yake mwenyewe anayelala sakafuni pake Jericho. Je, amepoteza au amepata? Mimi naona vigumu kujibu.

Watu wa chini walipokuwa wakihesabu shilingi, huko juu jambo jingine lilikuwa likitukia. Kampuni kubwa za kigeni, zikitaka kuwa na nyuso za Kiafrika katika afisi zao, zilianza kuwaita wakubwa wa serikali kwa mishahara minono. Serikali ikaogopa kubaki bila watu. Hapo nchi mbili jirani, zenye lugha moja na zilizotawaliwa na Mwingereza mmoja, zilitoa majibu mawili yaliyopingana, na sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi jinsi suala la mshahara lilivyo pia suala la namna ya nchi mtu anayoitaka.

Tanzania ilitangulia. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewapunguzia mapato yao baada ya masomo. Rais Nyerere alikasirika. Alisema mishahara ya wakubwa, wake mwenyewe ukiwamo, ndiyo iliyo mikubwa mno, na papo hapo akaupunguza wake kwa asilimia 20. Mawaziri na maafisa wa juu nao wakapunguziwa. Miezi michache baadaye, mwezi wa Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Kiongozi, na katika jina hilo walihesabiwa pia watumishi wa serikali wa vyeo vya kati na vya juu, hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala nyumba za kupangisha, wala mishahara miwili. Maana yake ni hii: mtumishi wa serikali asilinganishwe na mtu wa kampuni hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni ya namna nyingine.

Kenya ilipita njia nyingine. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, ilitoa ripoti mwaka 1971. Ilikubali kwamba mtumishi wa serikali aweza kuwa na biashara yake na mali yake, mradi isigongane na kazi yake. Kwa njia hiyo serikali ilijiepusha na kushindana na kampuni kwa mishahara. Mtu atabaki kazini, na tofauti ataitafuta mwenyewe nje. Wengine wakanunua mashamba, wengine majumba, wengine magari ya abiria. Lakini ni nani atakayeona mahali ambapo biashara na kazi zimegongana, ikiwa mwenye kuangalia naye ana biashara? Naona kosa la ripoti hiyo ni hapo, wala si katika kutaka mtu apate mali. Tena ruhusa ilikuwa moja kwa wote, lakini haikuwa na uzito mmoja kwa wote. Katibu mkuu mwenye ruhusa ya kufanya biashara aweza kukopa benki akanunua shamba la kahawa. Tarishi wa Jericho mwenye ruhusa hiyo hiyo ataongeza kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya Baraza na kukipangisha. Vibanda hivyo vilienea mtaani, na ukiviona ujue kwamba hiyo nayo ni sehemu ya historia ya mishahara.

Usidhani kuwa Tanzania ilibaki na jibu lake milele. Mwaka 1991 masharti ya Arusha yalilegezwa huko Zanzibar, na viongozi wakaruhusiwa mengi waliyokatazwa.

Sasa nataka tuwatazame tena majirani wetu wawili wakiwa wazee. Karani aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na mitano. Umri wa kustaafu serikalini ulikuwa miaka 55 hadi mwaka 2009 ulipofanywa 60. Tuseme alistaafu mwaka 1995, baada ya miaka thelathini. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi, pensheni ilihesabiwa kwa kuchukua miezi ya kazi na kuigawa kwa 480, kisha kuzidisha kwa mshahara wa mwisho. Miaka thelathini ni miezi 360. 360 kwa 480 ni robo tatu. Basi karani aliyekuwa akimwonea jirani yake wivu kwa shilingi ishirini ana haki ya robo tatu ya mshahara wake wa mwisho mpaka kufa, au achukue sehemu kwa mkupuo na kupokea iliyobaki kila mwezi. Naye katika miaka hiyo yote hakukatwa hata senti moja kwa ajili ya pensheni hiyo.

Fundi naye alikuwa na Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Mfanyakazi alitoa na mwajiri akatoa, lakini kulikuwa na kikomo, nacho kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 200 kwa mwezi kutoka kila upande. Hakikuondolewa mpaka mwaka 2023. Hata kama kikomo kingalikuwa hicho tangu siku ya kwanza, shilingi 400 kwa miezi 360 ni shilingi 144,000, pamoja na faida yake, kisha basi. Kampuni nyingine, hasa kubwa, zilikuwa na mifuko yao mizuri ya uzeeni; lakini fundi wa kiwanda kidogo hakuwa nayo. Shilingi ishirini alizomzidi jirani yake zamani zile zilikuwa kweli zake. Ila zilikuwa bei ya kitu ambacho hakujua kwamba amekiuza.

Msomaji mwepesi atasema, "Basi karani alishinda." Ngoja kidogo. Kwanza, pensheni ilikuwa ya mtumishi wa kudumu. Kibarua wa serikali aliyeajiriwa siku kwa siku hakuwa nayo, na asiyetimiza miaka kumi alipewa kiinua mgongo tu. Tena mwanamke aliyeolewa, hata akiwa mtumishi wa serikali, kwa muda mrefu alinyimwa posho ya nyumba, kwa kudhaniwa kwamba atalazwa na mumewe. Pili, pensheni haikupanda kwa kasi ya bei. Mwaka 1993 bei za vitu katika Kenya zilipanda kwa karibu nusu katika mwaka mmoja. Mshahara wa karani, uliokuwa umepangwa katika ngazi zinazobadilishwa mara chache, haukuweza kuifuata mbio hiyo. Naye hakuwa na chama cha kumsemea, kwa kuwa chama cha watumishi wa serikali kilifutwa mwaka 1980, kisisajiliwe tena mpaka mwaka 2001. Tatu, ile amani ya kazi ya serikali, iliyosifiwa kwa vizazi viwili, ikatikisika. Kuanzia mwaka 1994 serikali, ikishurutishwa na wakopeshaji wake, iliwaita watumishi wa vyeo vya chini wastaafu mapema kwa hiari, wapewe fedha za mkupuo waende. Wengi walikwenda. Wakati huo huo bidhaa za nje na nguo za mitumba ziliingia kwa wingi, na viwanda vingi, hasa vya nguo, vikafungwa. Katika safu moja ya nyumba ungeweza kumkuta aliyeachishwa na serikali na aliyeachishwa na kiwanda wameketi kivulini, wala usiweze kuwatofautisha.

Kuna tofauti moja zaidi ambayo haionekani katika karatasi ya mshahara. Mwezi wa Oktoba 1997 walimu wa Kenya waligoma, na serikali, uchaguzi mkuu ukiwa karibu, ikawaahidi nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, itakayolipwa kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ulipokwisha, zilizobaki zikakwama, na mwaka 1998 walimu wakagoma tena. Madai hayo yalivutana miaka mingi. Mwenye kampuni asiyeweza kulipa hufilisika na kufunga lango, na kila mtu huona. Serikali haifungi lango. Yaweza kuahidi leo na kukaa na deni la ahadi hiyo muda mrefu, na mwalimu asubuhi huingia darasani kama kawaida, pengine darasani mwako. Katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu ili kupanga na kushauri juu ya malipo ya watu wa serikali, kazi ambayo zamani ilifanywa na tume za kupita kama za Holmes na Ndegwa. Hata hivyo madaktari wa hospitali za umma waligoma siku mia moja, toka mwezi wa Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013.

Nakumbuka mzee mmoja wa mtaa wa jirani aliyekuwa mtumishi wa serikali maisha yake yote. Nilimwuliza kama angependa wanawe wafanye kazi serikalini au katika kampuni. Hakujibu swali langu. Alinionyesha mlango wa nyumba yake ya Baraza, akasema, "Hiki ndicho kilichonilipa."

Nyumba za Jericho zingali zimesimama, ingawa Baraza la Mji lililozijenga halipo tena. Tangu mwaka 2013 mwenye nyumba ni serikali ya kaunti. Katika miaka ya karibuni imesemwa mara kwa mara kwamba mitaa ya zamani ya mashariki ibomolewe, yajengwe majumba ya ghorofa. Wazee wengi waliopewa milango hiyo wamekufa, na ndani wamo watoto na wajukuu wao, wengine wa serikali, wengine wa kampuni, na wengi ambao hawana mwajiri kabisa na hutafuta riziki kwa kazi za jua kali. Na tangu mwaka 2021 watumishi wa serikali nao wameanza kukatwa mshahara kwa ajili ya uzeeni, kama fundi alivyokatwa. Kisha kwa sheria ya mwaka 2024 kila mwenye mshahara, wa serikali na wa kampuni sawasawa, hukatwa asilimia moja na nusu, na mwajiri wake hutoa kiasi hicho hicho, ili zijengwe nyumba za bei nafuu. Mjukuu wa karani na mjukuu wa fundi wakiweka karatasi zao za mshahara pamoja juu ya meza moja huko Jericho, mstari huo wataukuta katika zote mbili.